Taa ya Oili Ikiwaka Mlimani, Nani Azime Gari?

MWENYE GARI: Gari liliondoka Nyarero asubuhi likinguruma vizuri, jioni likarudi linavutwa kwa kamba. Naambiwa pampu ya oili imekufa, nitafute nyingine. Kabla sijatoa hata shilingi moja nataka nijue imekufaje, na kwa nini kila kinachokufa kwenye gari hili nakizika mimi peke yangu.

DEREVA: Mama, mimi nilikabidhiwa gari niliendeshe, sikukabidhiwa injini niifungue. Pampu imo ndani kabisa, hata sura yake siijui. Kitu nisichokiona nitakitunzaje?

FUNDI: Utakitunza kwa vile viwili unavyoviona. Mbele ya uso wako kuna taa nyekundu yenye umbo la birika linalodondosha tone, na chini ya boneti kuna dipstiki. Hayo ndiyo macho ya dereva ndani ya injini. Sasa nijibu bila kuogopa, mura: taa iliwaka wapi?

DEREVA: Kwenye kona, nikipanda. Ikazima. Kona ya pili ikawaka tena, ikazima. Tulipofika tambarare sikuiona. Tukikaribia Tarime mjini ikawaka ikabaki, na injini ikaanza kugonga.

FUNDI: Basi ilikuita mara mbili kabla ya ile ya tatu. Taa inayowaka kwenye kona na kuzima kwenye tambarare, mara nyingi inakuambia oili ni kidogo. Gari likilala upande, oili iliyobaki inakimbilia pembeni mwa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, mdomo wa pampu unabaki unavuta hewa. Gari likinyooka, oili inarudi, taa inazima, na wewe unadhani mambo yamekwisha.

DEREVA: Usinibebeshe peke yangu. Mwaka jana taa hii hii iliwaka, nikasimama, nikashusha abiria, nikawarudishia nauli, nikakupigia. Ulikuja na bodaboda, ukatega sikio, ukasema: hiyo sensa tu, endesha. Siku ile nililala bila hesabu ya kumpa mama. Ulinifundisha mwenyewe kwamba taa inasema uongo, leo unanilaumu kwa kutoiamini?

FUNDI: Nilisema hivyo, sikatai. Ile tunayoiita sensa ni swichi ndogo iliyofungwa ubavuni mwa injini. Presha ya oili ikishuka sana, kwa magari mengi chini ya psi 4 hadi 7, swichi inaunganisha umeme na taa inawaka. Ikichoka huwasha taa ovyo, na wakati mwingine huanza kuvuja oili. Kosa langu ni kwamba nilihukumu kwa sikio. Ningeifungua ile swichi nikafunga geji ya presha kwenye tundu lake, tungejua ukweli kabla chai haijapoa.

MWENYE GARI: Kwa hiyo sikio lako ndilo linalonidai leo.

MUUZA SPEA: Mama, tusimwangushie fundi jumba bovu. Mimi nasimama dukani, naona magari yenu yote. Wenzetu wa Kenya, ng'ambo ya Sirari, gari la mtumba lililozidi miaka 8 haliingii kwao. Sisi likizidi miaka 8 tunalitoza ushuru wa ziada, kisha linaingia. Kwa hiyo injini zetu nyingi ni za wazee. Mzee huyo ukimpa oili nyepesi ya 5W-30 kwa sababu tu kifuniko chake kimeandikwa hivyo, itapita kama maji. Mpe 20W-50, au SAE 40. Presha inapanda, taa inazima, gari linaingia barabarani. Nimewauzia watu hivyo, na magari yao yanapanda milima hii mpaka leo.

FUNDI: Taa itazima. Ugonjwa je? Ngojeni niseme pampu inafanya nini, maana hapa ndipo watu wanapopoteza hela. Pampu haitengenezi presha. Pampu inasukuma oili, basi. Presha inazaliwa pale oili inapolazimishwa kupita kwenye uwazi mwembamba kati ya beringi na krenki, ikabanwa. Mama, chukulia maji ya bomba ya kijiji. Mashine ya kisimani ni nzima, lakini mabomba yametoboka njia nzima. Nyumba ya kwanza wanakinga ndoo, ya mwisho hawapati hata tone. Utanunua mashine mpya?

MWENYE GARI: Nitaziba mabomba.

FUNDI: Beringi zilizolika ndiyo mabomba yaliyotoboka. Sasa ndugu yangu wa dukani anashauri tusukume uji badala ya maji. Uji utavuja kidogo, nakubali. Geji itapanda, nakubali. Lakini utafika saa ngapi kwenye nyumba ya mwisho? Nyumba ya mwisho ya injini iko juu kabisa, kwenye kamshafti. Na gari hili huwashwa alfajiri, huku milimani, wakati watu wamejifunika makoti. Ile sekunde taa inapochelewa kuzima baada ya kuwasha, huko juu chuma kinasuguana na chuma.

MUUZA SPEA: Baridi ya Tarime si barafu ya Ulaya. Ile namba inayotangulia herufi W hupimwa kwenye baridi ya chini ya sifuri ambayo sisi hatujawahi kuiona. Na vitabu vya Toyota vilivyoandikwa kwa nchi za joto vimeiweka 15W-40 na 20W-50 kwenye orodha. Sijatunga mimi.

FUNDI: Vimeiweka, nami sibishani na kitabu. Injini iliyochoka ikipandishiwa oili daraja moja, ni uamuzi halali. Ninachokataa ni oili nzito kugeuzwa kitambaa cha kufunikia taa. Pima kwanza. Ukikuta presha ya saileni, injini ikiunguruma bila kukanyagwa, ni ndogo lakini inapanda vizuri injini ikichangamka, hapo una mazungumzo ya oili. Ukikuta haipandi hata kwenye mizunguko 3,000, oili yoyote utakayomwaga humo ni ya kusindikiza maiti. Tena hii injini ya 1NZ iliyomo kwenye Probox yenu inaitumia presha kwa kazi nyingine: ndiyo inayokaza cheni ya taimingi, ndiyo inayosukuma VVT-i igeuze kamshafti. Vijia vyake ni vyembamba. Ukivijaza uji, gari linaweza kuanza kuwa zito, nawe utatafuta ugonjwa kwenye plagi.

MUUZA SPEA: Tunaikuza mno hii pampu. Ford Model T ilianza kutengenezwa 1908 haina pampu ya oili kabisa. Flaiwili ilichota oili ikairusha, konrodi zikaichota chini kwenye sampu, ikatosha. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 15 mpaka 1927. Hata jenereta ndogo tunazowasha umeme ukikatika, nyingi hazina pampu, zina kijiko kinachorusha oili ndani.

FUNDI: Ile Ford ilitoa nguvu farasi 20 kwenye mizunguko 1,600 kwa dakika. Hii inatoa zaidi ya 100 ikifika 6,000. Mzee anayetembea na kijana anayekimbia hawanywi maji sawa. Gari likipanda kwa gia ya pili, abiria wamejaa mpaka buti, krenki iko kwenye 3,000. Dakika 5 bila presha hapo ni mizunguko 15,000.

(Naomba nafasi mimi ninayeandika. Nilidhani fundi anatia chumvi, nikapiga hesabu mwenyewe. Mizunguko 3,000 kwa dakika ni 50 kila sekunde. Muda ambao dereva anajiambia "nifike tu pale mbele", krenki imeshazunguka mara mia. Tangu nilipoandika hesabu hiyo kwenye karatasi, ile taa ya birika siioni tena kama taa ndogo.)

DEREVA: Mnahesabu mizunguko, mimi nahesabu watu. Siku ile kiti cha nyuma kulikuwa na mama amempakata mtoto anachemka homa, wanawahi hospitali Tarime. Mtoto analia, mama yake ananiangalia kwenye kioo. Niambieni, fundi na wewe wa duka: nani kati yenu angezima gari pale mlimani?

MUUZA SPEA: Hapo sina neno.

FUNDI: Ninalo, ingawa halipendezi. Injini ya namna ile haikuahidi kukufikisha. Ingeweza kujikaba katikati ya kona, konrodi ikatoboa bloku, mkabaki porini na mtoto yule yule. Ungesimama kwenye taa ya kwanza, dakika 3 injini ipoe, uchomoe dipstiki, uongeze lita moja, mngefika wote, na injini ingefika. Aliyekunyima njia hiyo si taa. Je, ulikuwa na lita moja ya oili kwenye buti?

DEREVA: Sikuwa nayo.

FUNDI: Kwa nini?

DEREVA: Muulize mama.

MWENYE GARI: Niulizwe mimi? Makubaliano yetu yanajulikana. Kubadilisha oili ni juu yangu. Mafuta ya kutembelea na oili ya kuongezea ni juu ya dereva. Ndivyo magari yote ya mchomoko, haya madogo ya abiria, yanavyoendeshwa hapa, sikuanzisha mimi.

DEREVA: Ndivyo, mama, nami ndivyo nilivyokubali. Lakini tazama linavyokwenda. Hesabu yako ni elfu 25 kwa siku. Mvua ikinyesha, elfu 25. Siku isiyo ya mnada, elfu 25. Nikishaweka petroli na kukulipa, kinachobaki ndicho unga wa watoto. Oili ya kuongezea nainunua kwenye hicho. Kwa hiyo nanunua robo lita ya kupima kwenye chupa ya soda, na wiki nyingine sinunui. Injini inakula oili kidogo kidogo, mimi nailisha kidogo kuliko inavyokula. Sikufanya kwa ubaya.

MWENYE GARI: Na mimi nisikilizwe. Gari hili nimeuza ng'ombe wanne, nikaongeza mkopo wa SACCOS. Tarehe ya marejesho ikifika, haiulizi kama taa imewaka. Nikikusamehe siku moja, ya pili utasema taa imewaka tena ukiwa umelala nyumbani. Niambie mwenye gari gani hajadanganywa.

DEREVA: Ndiyo maana sizimi gari. Nikizima naonekana mwongo.

FUNDI: Mama, kuna na upande wako wa kubadilisha oili. Mara ya mwisho tulimwaga lini?

MWENYE GARI: Mwezi wa pili.

FUNDI: Na tulisema tumwage tena lini?

MWENYE GARI: Ikifika kilomita 5,000. Nikalipa ada za shule kwanza. Ukafika mwezi wa nne, nikasema gari linatembea vizuri, liendelee. Hili ni langu, nalibeba.

FUNDI: Oili iliyopitiliza haibaki oili. Inachoka kwa joto, inapokea masizi na maji ya mvuke wa injini, inageuka tope zito linaloganda kwenye kuta za sampu na kwenye wavu wa mdomo wa pampu. Jana nilipofungua nati ya sampu ilitoka kama lita 1 na nusu, nyeusi kama lami. Injini hii inabeba karibu lita 3.7 ukihesabu na filta. Zaidi ya nusu haikuwemo. Kwa hiyo naona ushahidi umekamilika: aliyepunguza oili na aliyechelewesha oili.

DEREVA: Haujakamilika. Mimi nilikuwa nimekushikia tochi ulipoangusha sampu. Sema na ulichokikuta kwenye wavu.

MWENYE GARI: Kitu gani?

DEREVA: Aseme mwenyewe.

FUNDI: Silikoni. Vipande vyekundu, vyembamba kama tambi, vimeziba sehemu ya wavu.

MWENYE GARI: Silikoni inatoka wapi ndani ya injini?

FUNDI: Kwenye ukingo wa sampu. Mwaka jana niliifungua, nikaifunga kwa silikoni. Inatakiwa utepe mwembamba, milimita chache, halafu uiache ikauke kabla ya kumwaga oili. Niliweka nyingi ili isivuje, maana mteja akiona tone moja chini ya gari anasema fundi huyu hafai. Ukikaza boliti, ile iliyozidi nusu inatokea nje, nusu inaingia ndani. Ya nje unaifuta kwa kitambaa. Ya ndani huioni, inakauka, inakatika, inaelea mpaka kwenye mdomo wa pampu.

MUUZA SPEA: Ninyi wote wa gereji mnafanya hivyo.

FUNDI: Tunafanya, na ni vibaya. Mtu aliyejifunza VETA anajua, na sisi tuliojifunza chini ya mwembe tunajua pia, kwa sababu tunavikuta vipande hivyo kwenye kila injini tunayofungua.

MWENYE GARI: Basi mmeniua watatu. Mmoja kaiacha ikauke, mmoja kaiziba mdomo, na mmoja anataka kuniuzia pampu.

MUUZA SPEA: Mimi nimekosa nini? Mteja akija na neno "pampu", namuuzia pampu. Sifungui injini za watu.

FUNDI: Ndiyo, lakini pampu yenyewe nimeitoa, nimeipima, ni nzima. Itazameni hapa mezani. Ni rota mbili, moja ndani ya nyingine. Ya ndani ina meno pungufu kwa moja kuliko ya nje, inazungushwa na krenki moja kwa moja. Kwenye kuzunguka, nafasi kati ya meno inapanuka upande huu, oili inavutwa. Inabanwa upande huu, oili inasukumwa. Hakuna mkanda, hakuna umeme. Uwazi kati ya meno na ukuta unapimwa kwa filageji, na vipimo vyake vimo ndani ya kitabu. Nimepima pande nne, haijafika kikomo. Ina mikwaruzo, lakini inafanya kazi.

MWENYE GARI: Mikwaruzo imetoka wapi, kama kuna filta?

FUNDI: Swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa leo. Filta iko baada ya pampu. Oili inatoka kwenye sampu, inapita wavu, inaingia pampu, ndipo inakwenda filta. Pampu ndiyo inayokunywa uchafu kabla ya wote. Wavu unazuia vipande, vumbi hauzuii. Ukimwaga oili kwa faneli iliyokuwa chini mchangani, pampu ndiyo ya kwanza kuutafuna ule mchanga.

DEREVA: Kama pampu ni nzima, injini iligonga kwa nini?

FUNDI: Beringi za konrodi ya tatu na ya nne. Ziko mbali, zilikosa oili zikalika mpaka shaba ikaonekana. Pampu imekaa mlangoni mwa oili, inapata ya kwanza hata ikiwa kidogo. Ndiyo maana inapona wakati beringi zinakufa, na ndiyo maana ukibadilisha pampu ukaacha beringi, baada ya mwezi unarudi kulia. Kuna pampu zinazokufa kweli: rota zikalika, au valvu ya kupunguzia presha ikakwama wazi kwa tope, oili yote ikarudi kwenye sampu bila kufika juu. Kwenye Noah za zamani za 3S pampu inazungushwa na mkanda wa taimingi, na sili yake huvuja. Ukiona oili mbele ya injini, usifute tu. Lakini kusema "pampu imekufa" kabla ya kupima ni kumpa mgonjwa dawa kwa sababu ndiyo iliyobaki dukani.

MUUZA SPEA: Umeniangalia uliposema dukani.

FUNDI: Nimekuangalia kwa sababu una la kutusaidia. Tuambie ukweli wa spea. Ningekuwa nahitaji pampu, ninunue mpya au mtumba?

MUUZA SPEA: Ukweli wangu ni huu. Pampu mpya ya bei ndogo, boksi zuri, sijui chuma chake kimetoka wapi. Mtumba iliyotoka kwenye injini ya Japani, chuma chake nakijua, umri wake sijui. Mimi gari langu ningeweka mtumba iliyopimwa kwa filageji mbele yangu, kuliko mpya nisiyoiamini. Mpya halisi ni bora kuliko zote mbili, ila wateja wangu wengi wakisikia bei wanaweka simu mfukoni. Hata pampu isiyofaa naweza kuwauzia leo nikala, lakini kesho kutwa jina langu linatajwa kwenye kila gereji kuanzia hapa mpaka Mugumu.

MWENYE GARI: Na oili? Nasikia kuna oili inayochujwa ikarudishwa kwenye makopo.

MUUZA SPEA: Makopo matupu yananunuliwa, mama. Kila mtu kwenye gereji anajua. Ndiyo maana namshauri mteja atoboe kopo lake palepale baada ya kumwaga. Akague sili ya mfuniko, aangalie alama ya TBS, asome herufi za API: SN ni ya karibuni kuliko SL. Na ile ya kupima kwenye chupa ya soda, dereva, hiyo hata mimi sijui ni nini.

DEREVA: Tatizo ni kwamba ile ndiyo inayolingana na mfuko wangu.

FUNDI: Mura, lingine: wengine wakiogopa taa wanajaza kupita alama. Hiyo pia ni hatari. Krenki inaifikia oili, inaipiga kama yai, pampu inavuta povu, na povu halibebi krenki. Kati ya alama ya chini na ya juu ya dipstiki ni kama lita moja. Ukiwa katikati, umo salama. Pima asubuhi, gari limesimama pasawa, kabla hujawasha. Ni kazi isiyofika dakika 2.

MWENYE GARI: Nimeelewa injini. Sasa fedha. Beringi, gasketi, oili, filta, na kazi. Nani analipa nini?

FUNDI: Kazi ya kufungua na kufunga sidai. Silikoni ilikuwa yangu. Nitasafisha njia zote za oili kwa petroli na upepo wa kompresa, nitang'arisha krenki na kuipima kwa maikromita. Ikiwa imelika kupita kiasi itabidi ikachongwe mjini, hilo lipo nje ya uwezo wangu. Na pampu sitaifunga kavu. Nitaijaza oili kwanza, kisha nitaizungusha injini kwa stata bila plagi mpaka presha ionekane kwenye geji. Mtakuwepo wote watatu mnatazama sindano. Kwenye saileni injini ikiwa ya moto isipungue psi 4 au 5, kwenye 3,000 izidi 22. Chini ya hapo sitakukabidhi ufunguo.

MUUZA SPEA: Beringi nitatoa kwa bei niliyonunulia. Filta halisi, si ile ya bei ya chini.

DEREVA: Mimi sina fedha, mama. Nina mikono. Nitakaa gereji mpaka injini ifungwe, nitaosha kila kipande.

MWENYE GARI: Kuosha ni sawa, lakini gari litakapotoka, makubaliano yale yale yatalirudisha hapa. Utapanda mlima, taa itawaka, utafikiria elfu 25, utaendelea.

DEREVA: Nitaendelea, mama. Sikudanganyi.

FUNDI: Hapo ndipo beringi zilipofia.

MWENYE GARI: Lete daftari. Wewe una mwandiko mzuri, andika ninavyosema. Kwanza: taa ya oili ikiwaka, gari linazimwa hapo hapo, na hesabu ya siku hiyo sitaidai. Utapiga picha ya taa kwa simu, ikiwa na saa yake, utanitumia. Pili: oili ya kuongezea inakatwa kwenye hesabu yangu, kwa risiti, na lita moja ikae kwenye buti siku zote. Tatu: kilomita 5,000 zikifika, gari haliingii barabarani kabla ya kumwaga oili, hata kama nimekuomba.

DEREVA: Na kama nyuma nina mgonjwa?

MWENYE GARI: Unazima, unaongeza oili, taa isipozima unanipigia. Natafuta bodaboda au gari lingine, nauli nalipa mimi. Andika na hilo.

DEREVA: Nimeandika. Nne.

MWENYE GARI: Sasa weka tarehe, tuweke sahihi wote wawili, na fundi awe shahidi.